Amri yangu ya MAC inasubiri bure kwenye paipulaini, kompaila haipangi?

paipu_nne
Wakuu, nina prosesa ya RISC-V (muundo huria wa amri za prosesa) kwenye FPGA (chipu unayoipanga upya mwenyewe), inatoa amri moja kila mzunguko wa saa na kwa foleni bila kurukana, nikaiongezea amri yangu ya MAC, yaani kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo, jibu linatoka baada ya mizunguko 4. Naiita kwa asm volatile (amri ya mashine iliyopachikwa ndani ya msimbo), MAC 8 mfululizo kwenye kikusanyo kimoja (rejista inayobeba jumla), data zote zipo kwenye rejista tayari. Kila MAC inasubiri iliyotangulia, mizunguko 3 kati ya 4 inaenda bure hata na -O3 (kiwango cha juu cha kompaila kuboresha msimbo). Kompaila yangu, LLVM, ndo haijui kupanga au mimi sijaielewesha? Msaada jamani

rejista_sufuri
Hujaielewesha mkuu. Kompaila haioni asm inachukua muda gani, na volatile inaikataza kabisa kupitanisha hizo amri zenyewe kwa zenyewe. Achana nayo, itangaze amri kwenye TableGen (lugha ya LLVM ya kueleza amri za prosesa) kama intrinsiki, yaani funksheni ambayo kompaila yenyewe inaifahamu, halafu kwenye modeli ya skedula (sehemu inayopanga mfuatano wa amri) weka MicroOpBufferSize 0, maana yake prosesa inakwenda kwa foleni, na Latency 4. Ila usichanganye, Latency ni muda wa kusubiri jibu, ReleaseAtCycles ni muda kizidishi chenyewe kimeshikwa, kama kinapokea kazi mpya kila mzunguko hiyo iwe 1, ukiweka 4 skedula itaamini kimejaa wakati kiko wazi

mnyororo
Kweli, lakini hiyo peke yake haitamsaidia!! Ana kikusanyo kimoja, kila MAC inataka jibu la iliyopita, hakuna skedula duniani inayoweza kuvunja utegemezi wa namna hiyo. Gawa vikusanyo viwe 4 uzipishe, mwisho ndo ujumlishe. Kwa namba kamili jibu ni lilelile, kwa floti (namba zenye desimali) linaweza kutofautiana kidogo maana mpangilio wa kujumlisha umebadilika, ndo maana kompaila haikufanyii bila ruhusa. Au rekebisha hadwea, kikusanyo kinahitajika hatua ya mwisho tu, weka njia ya mkato ya kurudisha jibu pale halafu uieleze kwenye modeli kwa ReadAdvance 3, yaani kikusanyo kinasomwa mizunguko 3 baadaye

paipu_nne
Ni namba kamili, na kizidishi kinapokea kila mzunguko. Naanza na vikusanyo 4 basi, rejista 16 za data jumlisha 4 ni 20, zinatosha. Nikipima na llvm-mca (programu ya LLVM ya kukadiria mizunguko) inatosha?

rejista_sufuri
Hapana, hiyo inasoma modeli ileile uliyoandika wewe, ukikosea Latency na yenyewe inakosea. Soma mcycle (rejista inayohesabu mizunguko) kabla na baada, ndani ya prosesa yenyewe