Naomba ushauri: vitabu vya hadithi na katuni kwa watoto watatu wa rika tofauti

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Ngamiani, Tanga, na shule zikikaribia kufungwa natafuta vitabu vya kufurahisha, si vya mtihani. Nina watoto watatu.

Wa miaka 4 hanisumbui sana. Anataka picha kubwa, maneno machache na karatasi ngumu isiyochanika.

Anayenipa mawazo ni wa miaka 8. Kusoma anajua, lakini ukurasa uliojaa maandishi unamchosha. Juzi nilimkuta amejikunja mlangoni na kipande cha gazeti la kufungia maandazi, anafuata katuni kwa kidole chenye mafuta, anacheka peke yake. Akarudia mara tatu! Nikajua njia yake ni katuni. Shida ni kwamba nyingi ninazoziona mtaani ni za watu wazima, mambo ya mapenzi na ulevi. Za watoto kwa Kiswahili zinapatikana wapi? Hata za visa vya Abunuwasi au Sungura na Fisi ningeshukuru.

Mkubwa ana miaka 12. Nimefikiria Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, maana mwandishi ni mzaliwa wa huku kwetu Tanga, na kile kisa cha ndugu kugeuzwa manyani kitamvuta. Ila Kiswahili chake ni kizito kidogo. Waliowapa watoto wa umri huo, walikimaliza wenyewe au mliwasomea?

Bajeti yangu ni elfu thelathini kwa wote. Mngeanza na kipi?