Natafuta tarehe ya kifo cha baba yake bibi, Machame, kabla ya vita vya Hitla

Mama Upendo (Moshi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wazee mlio humu.

Naomba msaada kwa jambo ambalo kwetu limeshakuwa la ukoo mzima. Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Machame, jina la ubatizo Elia. Desemba hii, watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi, tumekubaliana kumjengea kaburi. Kaburi lenyewe lipo kihambani (shamba la ukoo lenye makazi), katikati ya migomba, limezungushiwa masale, mimea yetu ya mpaka, na hakuna ndugu asiyelijua. Tusichokijua ni tarehe aliyofariki. Fundi wa marumaru ananiuliza aandike nini. Mjomba anasema 1935, mama mdogo anasema 1938, na kila mmoja ana uhakika wake. Mimi sitaki jiwe liandikwe kwa kukisia, maana likishasimama pale, wajukuu wataliamini kuliko watakavyotuamini sisi.

Bibi alifariki 2009. Namshukuru Mungu kwamba nilikaa naye nikaandika aliyonisimulia. Alisema baba yake alikufa baada ya nzige kumaliza mashamba na kabla ya vita vya Hitla. Kahawa ilikuwa inaanikwa uani, na waombolezaji walikaa pembeni ya vichanja. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajaanza mafundisho ya kipaimara, na siku alipobarikiwa, kaka yake mkubwa ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Karatasi tulizonazo ni chache. Kuna kopo la bati la majani ya chai lenye risiti za kodi. Nyingi zimeliwa na mchwa. Moja bado inasomeka: ina muhuri, mwaka 1934, na jina lake limeandikwa kwa ile penseli ya zambarau ya kulowesha, herufi zimevimba kidogo pale penye unyevu. Kila nikiishika nasikia kitu moyoni, kwa sababu ndicho kitu pekee chenye jina lake kilichoandikwa yeye akiwa hai.

Nimekwenda ofisi moja ya serikali. Kijana akaingiza jina kwenye kompyuta, akaniambia "hayupo mama", akaita anayefuata. Je, ndiyo basi? Kuna mahali pengine pa kutafuta?

Baraka_wa_Boma

Pole mama. Hata ukipekua mwaka mzima, huko kwenye kompyuta hutampata. Ila ujue kitu kimoja: Machame leo ipo wilaya ya Hai, makao Bomang'ombe, lakini enzi hizo hapakuwa na wilaya ya Hai, yote ilikuwa Moshi. Karatasi yoyote ya serikali ya miaka ya 1930 itafute kwa jina la Moshi.

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu Mama Upendo. Nilikuwa karani wa usharika huku mlimani kwa miaka mingi, na swali lako niliulizwa na watu wengi walioondoka na huzuni kwa sababu walitafuta kitabu kisichokuwepo. Kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa 1920, lakini Mwafrika hakulazimika kusajiliwa. Mzungu aliyefariki Moshi mwaka 1935 ana cheti. Mkulima wa Machame aliyefariki wiki hiyo hiyo hana, na si kosa la ukoo wake. Kijana aliyekuambia hayupo alisema kweli kwa upande wa kompyuta yake. RITA wenyewe, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wameanza kazi 2006, na walirithi vitabu vilivyokuwapo. Ambaye hakuandikwa wakati ule hawawezi kumpata humo sasa.

Acha basi kutafuta cheti cha kifo. Tafuta mahali ambapo kifo chake kiliwalazimu watu kuandika kitu kingine. Huyo mzee alikuwa na mke, watoto, kihamba, kahawa na kodi. Alipofariki, kila kimoja cha hivyo kilibadilika mikono, na mara nyingi kubadilika huko kuliandikwa.

Anza kanisani. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Machame 1893, wakaweka kituo Nkwarungo, na hawakuwa watu wa kubatiza bila kuandika. Ukifika, usiombe kitabu cha vifo peke yake. Omba daftari la washarika, lile ambalo kila familia ina ukurasa wake: baba juu, mama chini yake, kisha watoto kwa kufuatana. Mtu akifariki, karani au mchungaji alichora msalaba mdogo kando ya jina, na akiwa mwangalifu aliongeza tarehe. Nimeona kurasa ambazo msalaba huo ndio maandishi pekee duniani yanayosema mtu fulani alikufa lini. Misalaba ni midogo sana, wakati mwingine kwa penseli iliyofifia. Pita mstari kwa mstari, karibu na dirisha, usitegemee taa ya simu peke yake.

Kisha tafuta kipaimara cha bibi yako. Hapa wewe una bahati kubwa, na nakupongeza kwa kumwandika mapema. Amekwambia baba alikuwa ameshafariki alipobarikiwa. Ukipata tarehe ya kipaimara chake, umepata ukuta wa juu: mzee alifariki kabla ya siku hiyo. Risiti ya 1934 ni ukuta wa chini, kwa sababu marehemu halipi kodi. (Angalia vizuri kama ni jina lake kweli, maana mtoto wa kiume naye angeweza kutumia jina la baba.) Kahawa juani inakupa majira: huku kwetu mavuno yanaanza kama Julai na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Masika unaweza kuyaweka kando kabisa. Hata kabla hujafungua kitabu, umeshabaki na miaka michache na miezi michache.

Ndoa za watoto wake nazo zitazame. Penye jina la baba wa bwana harusi karani aliandika "marehemu" kama ndivyo ilivyokuwa. Panga ndoa zote kwa tarehe, uone ni ipi ya mwisho ambayo baba yuko hai na ipi ya kwanza ambayo hayupo. Kazi hii inachosha, lakini haidanganyi.

Kahawa sasa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao 1925, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa. Mzee mwenye miche ya kahawa mwaka 1934 bila shaka alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi cha mahali pake. Akifariki, jina lilibadilishwa likaja la mwana aliyerithi. Ulizeni kama daftari za zamani zipo. Vyama vingine vimetunza, vingine vimeachia panya. Na kama kulikuwa na ugomvi wa kihamba baada ya msiba, shauri lilikwenda baraza la Mangi (chifu wa Wachaga), na shauri la urithi linataja aliyefariki.

Mambo ya adabu. Usharika wa leo mara nyingi umegawanyika kutoka usharika mama, na vitabu vya kale hubaki kwa mama. Waulize wazee ni kanisa gani lilihudumia eneo hilo wakati huo, si lipi liko jirani sasa. Chukua barua kutoka kwa mchungaji wako, nenda siku ya kazi, mweleze katibu mapema ili vitabu vitolewe. Mikono iwe safi na mikavu, usiloweshe kidole kwa mate kugeuza ukurasa, na usipige picha kabla hujaruhusiwa. Vitabu hivyo vina habari za watu wengine pia, zikiwemo za watoto waliozaliwa nje ya ndoa na walioondolewa ushirika. Uliyoyaona yasiyo ya ukoo wako, yaache palepale.

Teddy wa Kibosho

Karani umenena yote, mimi naongeza kwa sisi Wakatoliki maana wapo watakaosoma hapa. Wamisionari wetu, Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliandika kwa Kilatini. Ukiona *obiit* ni kwamba alifariki, *sepultus* amezikwa, na kama ni mwanamke *sepulta*. Tulimtafuta shangazi wa baba kwenye kitabu cha marehemu parokiani hatukumwona. Alikuwa kwenye kitabu cha ubatizo! Alibatizwa akiwa mahututi, pembeni wameandika *in periculo mortis*, yaani katika hatari ya kufa, na siku chache mbele tarehe ya kifo kwenye ukingo wa ukurasa huohuo. Wazee wengi wa wakati ule walibatizwa siku za mwisho. Kwa hiyo someni pembezoni mwa kurasa, siyo katikati tu.

Mwanaidi_Tengeru

Naomba niingilie. Mzee wetu alichukuliwa upagazi, kubeba mizigo ya jeshi, 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoingia Moshi, hakurudi. Hakuna kaburi wala kanisa, ukoo ni wa Kiislamu. Kuna pa kuanzia?

Loserian, Arusha

Dada Mwanaidi, pole sana kwa huyo mzee. Nikueleze ukweli usije ukahangaika bure: wapagazi wa vita ile wengi hawakuandikwa popote kwa jina. Inakadiriwa kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa kama laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Tume hiyo ina orodha ya majina kwenye tovuti yake, kutafuta ni bure, na ni vyema ujaribu kila namna ya kuandika jina. Ukikosa, iandikie Tume hiyo kuhusu mzee wako: jina lake, la baba yake, kijiji na mwaka. Angalau wajue kwamba kuna ukoo unaomdai.

Mama Upendo, jambo moja kuhusu maandishi ya Wajerumani. Sauti ya "j" waliiandika "dsch", na "sh" wakaiandika "sch". Ndiyo maana kwenye karatasi zao utaona Kilimandscharo, Moschi, Aruscha, na Machame inakuwa Madschame. Jina la ukoo wako nalo lilipitia mkono huohuo, basi liandike kwa namna hizo zote kabla hujaenda, uwe nalo kwenye karatasi. Na kama vitabu vya usharika vimepotea, usikate tamaa. Nyaraka za misheni ya Leipzig ziko Ujerumani, mji wa Halle, kwenye Taasisi za Francke, na wanajibu wakiandikiwa. Huko utapata zaidi ripoti za wamisionari na picha kuliko orodha za washarika, lakini msiba wa mzee wa kanisa unaweza kutajwa kwenye barua.

Mama Upendo (Moshi)

Wakuu, narudi na majibu. Mzee Karani, Mungu akupe maisha marefu.

Nilipeleka barua, nikapangiwa siku. Katibu alikuwa mama mmoja mtulivu, alitandika kitambaa mezani kabla ya kuweka kitabu. Jalada ni ngumu, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa katani. Kwa jina la ukoo nililolizoea hatukuona kitu. Nikatoa karatasi yenye maandishi ya Loserian, na kwa "dsch" tukaupata ukurasa: Elia, mkewe, watoto saba. Sisi tulikuwa tunahesabu sita. Wa saba ni mtoto wa kike ambaye hakuna aliyewahi kumtaja, ana msalaba wake, mwaka ule ule aliozaliwa.

Kando ya Elia kuna msalaba na "9. 36". Siku haikuandikwa. Kipaimara cha bibi ni Pasaka ya 1938, na penye jina la baba pameandikwa marehemu. Risiti ya 1934, Septemba ya kahawa juani, vyote vimekaa mahali pake. Mjomba na mama mdogo wote wamekubali bila maneno.

Jiwe litaandikwa "Septemba 1936" bila siku, kwa sababu siku hatuijui. Na tumeamua jina la yule mtoto liwekwe chini ya la baba yake. Alikozikwa hatujui, lakini wazee wanasema watoto wachanga walizikwa kihambani humohumo.

Mwanaidi, nimeongea na yule katibu kuhusu mzee wako. Anasema hawana kitabu cha wapagazi, ila baadhi ya koo za Machame zilizochanganyika dini zina ndugu walioandikwa kanisani na kaka zao hawapo. Ukinitumia jina la ukoo na kijiji, wiki ijayo narudi kuchukua nakala, nitaangalia.