450,000 ni bei ya KUTOA mtoto wa jicho, kuweka lenzi ni hela nyingine! Hawa watu wa bango la jicho la kijani wamenitukania mama

Mzawa wa Newala:

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, niko kwenye daladala, mikono inatetemeka. Asije mtu kunisahihisha tahajia.

Jina sitaji. Mnawajua. Ile hospitali ya macho yenye bango la jicho la kijani, jicho kubwa kuliko nyumba ya mjumbe, chini limeandikwa "Mtoto wa jicho 450,000 tu". Hiyo "tu" ndiyo iliyomtoa mama yangu Newala usiku kucha kwenye basi. Jicho la kulia limeziba kabisa, ukimwekea chai anapapasa meza nzima.

Tumefungua faili, nimelipa. Kumwona daktari, nimelipa. Presha ya jicho, nimelipa. Kupima urefu wa jicho ili wajue lenzi ya namba gani, nimelipa. Kila mlango una dirisha lake na kila dirisha lina mtu wa risiti, nikadhani hata mlinzi wa getini atanipa kontroli namba. Sikufungua mdomo. Nikamalizia na ile 450,000. Mama kavishwa gauni na kofia, katiwa matone ya kupanua mboni, yuko kwenye benchi anasubiri kuitwa ndani.

Ndipo naitwa dirishani. "Bado lenzi." Lenzi ipi tena? "Ya kuweka. Uliyolipia ni ya kutoa. Lenzi ngumu 200,000, ya kukunja 400,000."

YA KUTOA! Jamani, nani aliwahi kuondoka kijijini kwake kwenda kutolewa tu? Ukimtoa mtu lenzi yake iliyoziba bila kumwekea nyingine, bila miwani mizito haoni kitu cha maana. Na urefu wa jicho walipima wa nini kama lenzi haimo kwenye bei?

Mama akasikia. Akauliza kwa upole wake ule, "Mwanangu, kwani lenzi si ndiyo matibabu yenyewe?"

Yule dada wa dirishani, kucha ndefu hadi noti anazihesabu kwa kidole gumba, akajibu kwa sauti ya mnadani: "Bibi, ulidhani lenzi ni bure kama pipi ya chenji?"

Benchi zima likacheka. Watu wenye bandeji machoni wanacheka! Mama yangu, aliyetusomesha wote kwa korosho, anaambiwa pipi ya chenji mbele ya watu huku amevaa kofia ya upasuaji, jicho limejaa dawa, haoni hata anayemcheka ni nani.

Sikuwa na hiyo hela. Wakamvua gauni. Tumetembea juani hadi kituoni, kaziba jicho kwa kona ya khanga, na njia nzima hajasema neno. Pipi ya chenji, wakuu. PIPI YA CHENJI.

Chongo la Tandika: Pole sana mkuu. Hao hao walimpiga shemeji yangu. Kwake hawakusema lenzi, walisema "vifaa". Vifaa gani, mpaka leo hatujui.

Kipanga Mweusi: Umeona "tu" kwenye bango ukaamini? Umeingia mjini lini mkuu? Umepigwa na kitu kizito.

Mama Ntilie Mstaafu: We Kipanga una mama kweli? Bibi wa watu kadhalilishwa, wewe unaleta utani.

Nesi wa Zamu: Mleta mada, pole. Niko idara ya macho, acha niseme. Kabla ya kulipa hata shilingi uliza bei KAMILI ya jicho moja, na waiandike. Lenzi imo? Ni upasuaji wa mkono wa tundu dogo au wa mashine ya fako, ile inayovunjavunja lenzi iliyoziba na kuifyonza? Matone ya baada ya upasuaji na siku za marudio vimo? Na uliza ikitokea utando umeota nyuma ya lenzi baadaye, leza ya kuuondoa ni shilingi ngapi, maana hutokea na hulipiwa peke yake. Halafu lenzi ngumu si mbovu, msitishwe. Lenzi ya kwanza kabisa duniani iliwekwa London mwaka 1949 na ilikuwa ngumu. Ya kukunja inapita kwenye tundu dogo zaidi, hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Mzawa wa Newala: Asante Nesi. Lakini hukuwepo. Hukuisikia ile sauti. Hata angesema lenzi milioni, ningekopa. Bibi, ulidhani ni pipi ya chenji! Na wakacheka!

Kipanga Mweusi: Jina litajwe au uzi ufungwe.

Mzawa wa Newala: Bango la jicho la kijani! Kwani kuna mangapi?

Mtendaji wa Zamani: Mpeleke hospitali ya serikali. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha. Chukua barua kwa mtendaji, nenda nayo ustawi wa jamii pale hospitalini.

Chongo la Tandika: Msamaha upo, dawa haipo. Baba aliandikiwa matone, dirishani wakamwambia "kanunue nje". Nje ndiyo wapi?

Mchumi Nusu: India kule Madurai kuna hospitali ya macho ya Aravind, ilianza 1976 na vitanda 11. Mwenye nacho analipa, asiyenacho anatibiwa bure, na tangu 1992 wana kiwanda chao cha lenzi, ndiyo maana bei ikashuka. Sisi tunashindwa nini?

Kipanga Mweusi: Bibi yuko kituo cha daladala, wewe unampeleka Madurai.

Dereva Usiku: Afadhali nyie wa upasuaji. Mimi niliitwa "kupima macho bure". Vipimo bure kweli, fremu 280,000. Nikasema nitavaa zangu za Kariakoo, wakanishikia karatasi ya vipimo. Namba za macho yangu mwenyewe nimenyimwa!

Nesi wa Zamu: Hiyo karatasi ni haki yako, rudi uidai.

Mama Ntilie Mstaafu: Mnakumbuka Januari 2024, macho mekundu Dar nzima? Duka la kwetu kichupa cha matone kilipanda bei mara mbili kwa wiki moja. Jirani akajitia maji ya chumvi, almanusura.

Chongo la Tandika: Kwetu walijitia majani ya chai!

Mzawa wa Newala: Jamani turudi kwenye mada. Mama yangu bado haoni.

Dereva Usiku: Macho mna nafuu. Nendeni meno. Jino moja, nimelipia picha mbili, na wameng'oa la jirani yake.

Kipanga Mweusi: Hahaha! La juu au la chini? Na ganzi walikuhesabia peke yake?