Gari rahisi inayokunywa mafuta au gari ya bei inayobana matumizi: wadau tupige hesabu

NjiaNdefu (mwanzisha mada)

Wakuu habari za muda huu. Nina gari mbili kichwani na nimeshindwa kuamua, naomba tulinganishe kwa hesabu sio kwa ushabiki. Ya kwanza ni kubwa, silinda 6, injini ya cc 2500, umri miaka 15, bodi safi, viti vya ngozi, bei iko chini mpaka unajiuliza kuna nini. Ya pili ndogo, silinda 4, injini ya cc 1300, umri miaka 8, bei yake inakaribia mara mbili ya hiyo kubwa. Bei sitaji kwa pesa maana humu kila mtu anajaza mafuta kwa bei ya kwake, kwahiyo nimegawanya bei ya gari kwa bei ya lita moja ya petroli ninayolipa mimi. Kubwa inakuja sawa na lita 7,000, ndogo lita 12,000. Kwa mwaka natembea kama km 12,000, mjini zaidi, safari ndefu chache. Wenye nazo wananiambia kubwa inaenda km 8 kwa lita na ndogo km 13 na kitu. Nataka kukaa nayo miaka minne hivi. Mke wangu anataka ndogo, kaka yangu ananiambia chukua chuma, yaani ile kubwa. Nyie mnasemaje?

Bodi_Safi

Ndogo bila kufikiria mara mbili. Silinda 6 mjini kwenye foleni utajuta kila ukipita kituo cha mafuta.

HesabuKwanza

Mkuu umefanya la maana kuweka bei kwa lita, hapo mtu yeyote anaweza kufuata hata kama mafuta ya kwake ni bei nyingine. Twende taratibu. Km 8 kwa lita maana yake kila km 100 inakula lita 12 na nusu, ndogo tuseme 7 na nusu, kwahiyo tofauti ni lita 5 kila km 100. Kwa km 12,000 zako hiyo ni lita 600 kwa mwaka. Sasa chukua ile tofauti ya bei, lita 5,000, gawa kwa 600, unapata miaka minane na zaidi ndo ndogo irudishe pesa yake kwa mafuta peke yake. Wewe unakaa nayo minne. Bodi_Safi samahani ndugu yangu lakini kwa kilomita hizi mafuta peke yake hayaibebi ile ndogo.

Ila wengi wakifika hapo wanafunga daftari na hesabu bado haijaisha, maana baada ya miaka minne gari huitupi, unaiuza. Angalia hapo sokoni kwenu sasa hivi gari kama hiyo ndogo ikiwa na miaka 12 inauzwaje, na kubwa ikiwa na miaka 19 inauzwaje, ndo ujue kila moja itashuka kiasi gani. Mimi nakadiria tu: ndogo umenunua 12,000 ukauza 8,000, imekula 4,000. Kubwa umenunua 7,000 ukauza 5,500, imekula 1,500, kwa sababu kushuka kwake kukubwa kulishabebwa na aliyeinunua ikiwa mpya. Hapo ndogo imekugharimu 2,500 zaidi kwa kushuka bei, na kubwa imekunywa 2,400 zaidi (600 mara minne). Yaani zimelingana. Kitakachoamua sasa sio bei na sio mafuta, ni gereji.

NjiaNdefu

Aisee sikutegemea zilingane. Mimi nilikua naogopa mafuta tu. Sasa hiyo ya gereji mtu unaikadiriaje kabla hujanunua?

Spana17

Mimi ni fundi, nikujibu. Haikadiriwi kwa kusikiliza mtandaoni "gari hii haina shida", inakadiriwa kwa kuangalia kitu gani kinadaiwa kwenye hiyo gari hiyo moja unayotaka kununua. Gari ya bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu inadaiwa, mwenye nayo anajua kuna kitu kikubwa kinakuja na anataka kimkute mwingine.

Kwa hiyo silinda 6 ya umri huo swali la kwanza: injini ni ya mkanda wa taimingi (ule unaoendesha valvu) au ni ya cheni? Kama ni mkanda, kampuni nyingi zinataka ubadilishwe kwenye km laki moja hivi au miaka kadhaa, chochote kitakachotangulia, na watu wanasahau hiyo ya miaka, gari imesimama uani muda mrefu kilomita kidogo wanadhani mkanda bado mpya. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika ukiwa unaendesha valvu zinagongana na pistoni, hapo tena unaongelea kufungua silinda hedi au kutafuta injini nyingine. Na mkanda haubadilishwi peke yake, ukishafungua huko mbele unabadilisha na pampu ya maji, tenshena (kikaza mkanda) na sili, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile, usije ukalipa ufundi mara mbili. Kama ni cheni usishangilie pia, cheni inataka oili safi, mtu aliyekua anapitiliza sevisi anakuachia cheni iliyolegea na inapiga kelele asubuhi.

Cha pili plagi. Nyingi za hizo V6 (silinda 6, tatu kila upande) zilizolala kwa upana, plagi tatu za mbele unazifikia kwa mkono ila tatu za nyuma ziko upande wa dashibodi, chini ya manifoldi ya hewa, mpaka uitoe. Kwahiyo unakuta gari imefungwa plagi tatu mpya mbele na nyuma ziko za kale, injini inatetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na inakula mafuta kuliko huko km 8 ulikoambiwa. Muulize muuzaji mara ya mwisho zilibadilishwa lini, zote sita, na umwangalie anavyojibu.

Mama_Wawili

Mimi naongezea matairi maana hayo ndo yanayonyanyasa bajeti kimya kimya. Rimu kubwa zenye tairi nyembamba zinapendeza ila ukienda kununua nne bei inakua nyingine kabisa kuliko za inchi 14. Angalia ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT na mwishoni namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kua na meno mazuri na ikawa imezeeka. Na kama hiyo kubwa ni ya kuvuta magurudumu yote manne basi tairi zisizolingana ukubwa zinaumiza difu, hapo unabadilisha nne sio mbili.

TeksiUsiku

Wadau mimi gari yangu ni ya biashara, km 40,000 kwa mwaka haziko mbali. Kwa tofauti ile ile ya lita 5 kila km 100 mimi naokoa lita 2,000 kwa mwaka, hizo 5,000 zinarudi ndani ya miaka miwili na nusu, halafu kinachofuata chote ni faida. Kwahiyo mtu akikuambia kitu muulize kwanza anatembea kilomita ngapi, sisi wa biashara na mtu wa kwenda kazini na kurudi tunaongea hesabu mbili tofauti.

HesabuKwanza

Kweli kabisa TeksiUsiku. Na kuna mtego mwingine kwenye hizi km kwa lita, mtu anaona gari ya km 16 na ya km 20 anasema tofauti ni nne, kubwa hiyo, anaongeza pesa nyingi. Geuza iwe lita kwa km 100: kutoka km 8 kwenda 10 unaokoa lita 2.5, kutoka km 16 kwenda 20 unaokoa lita 1.25 tu. Ukishatoka kwenye gari inayokunywa sana kuja ya wastani, faida kubwa umeshaipata, kuanzia hapo usilipie sana kila kilomita ya ziada. Na namba za kiwandani zinapimwa maabara, barabarani punguza.

Gia_Tatu

Mbona hakuna anayetaja haibridi, zile za injini ya petroli pamoja na mota ya umeme? Anatembea mjini, na haibridi mjini ndo kwao, kila ukishika breki inarudisha umeme kwenye betri, kwenye foleni injini inazima. Toyota walianza kuuza Prius Japani mwaka 1997, sio kitu kipya tena.

Spana17

Nzuri, mimi sizipingi, lakini iliyotumika unanunua na betri iliyotumika. Ipimwe betri ya haibridi kwa mashine, kila bloku volti zake, wakati gari inatembea na sio imesimama. Halafu kuna feni inayopoza hiyo betri, nyingi inavuta hewa pembeni mwa siti ya nyuma, mtu anaweka nguo na mizigo pale, vumbi na manyoya yanaziba, betri inachemka inakufa mapema. Chungulia kile kidirisha, kikiwa kimejaa vumbi ujue gari imetunzwaje. Betri ikidai kubadilishwa ingiza kwenye hesabu kama mkanda.

Kwa dizeli sitasema mengi, kwa mtu wa safari fupi fupi mjini zile za kisasa zenye chujio la masizi hazifai, linaziba kwa sababu halipati joto la kujiunguza.

DadaRehani

NjiaNdefu naomba nikuulize kitu, hizo lita 5,000 za kuongezea unazo mkononi au unakopa? Maana kama ni mkopo riba inaingia upande wa ndogo na ile kulingana yenu yote inavunjika. Na kama unazo, usiangalie tu gari ipi ni rahisi, angalia utabaki na nini siku umekabidhiwa funguo. Nimeona watu wananunua gari wanamaliza mpaka senti ya mwisho, mwezi wa pili shokapu imevuja, gari inapaki, na bima inaendelea kuhesabu. Ukinunua ya 7,000 una akiba. Ukinunua ya 12,000 na umebakiwa na sifuri, hiyo ndogo inaweza kukutesa kuliko chuma. Bima kubwa nayo inahesabiwa kwa thamani ya gari, ya ndogo itakua juu.

NjiaNdefu

Pesa ninayo dada, na nikinunua ndogo nitabakiwa na kama lita 1,500 hivi za dharura. Ahsante kwa swali, sikua nimeiweka kwenye hesabu.

Mrejesho: leo nimekwenda na fundi kuiona kubwa. Tumefika mapema kabla mwenye nayo hajaiwasha, bonneti ilikua ya baridi. Inawaka vizuri, moshi hamna. Ni ya mkanda, na hamna karatasi wala stika yoyote ya kuonyesha ulibadilishwa. Kava la valvu la upande wa nyuma linavuja oili, inadondokea kwenye egzosi, ndo ile harufu nilikua naisikia nikadhani ni kawaida. Tairi nne aina nne. Fundi kajumlisha mkanda na vyake, gasketi, plagi, tairi na shokapu za mbele, imekuja karibu lita 1,400 kabla sijaanza hata kuendesha. Nimemwomba jamaa ashushe bei kwa kiasi hicho, kagoma, anasema kuna mteja mwingine.

HesabuKwanza

Muache na mteja wake. Zililingana, ukiongeza 1,400 upande mmoja hazilingani tena. Angeshusha ningekuambia chukua, kwa kilomita zako ilikua inalipa. Ila bado hujaikagua ndogo, isije nayo ikawa na deni lake.

Spana17

Ndogo kama giaboksi yake ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua hatua) ndo uanzie hapo. Muulize oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi, CVT inataka oili yake maalum, ukiweka ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki nyingine) unaiua. Endesha mwenyewe mpaka ipate moto kabisa, usikubali kuzunguka mtaa mmoja, halafu panda mlima taratibu, ikitetemeka au ikilia kama inavuta ila haiendi, acha. Kapime na mashine ya dayagnosi, na fundi aangalie kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika, mtu akifuta makosa asubuhi taa inazima ila vipimo vinaonekana havijamaliza. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando mweupe wa maziwa uliza maswali. Angalia pedali ya breki na usukani, kama vimechakaa sana na dashibodi inasema kilomita chache hazikubaliani.

Ukikuta iko sawa, omba punguzo hata la lita 500 kwa ajili ya sevisi ya kwanza, oili ya injini, oili ya giaboksi, filta zote na kulanti (maji ya rejeta), ufanye siku hiyo hiyo kabla hujaanza kuitumia.

NjiaNdefu

Sawa mkuu, jumamosi naenda nayo kwa fundi. Mwenye nayo keshakubali niiendeshe mpaka nitosheke.