Kuku bado anapumua mnamtia kwenye maji ya moto, haraka ya nini?

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni, leo nalisema.

Wikiendi iliyopita kwa jirani kulikuwa na shughuli. Kuku ni wake mwenyewe, kawafuga nyuma ya nyumba, kawalisha vizuri miezi yote hiyo. Siku ya kuwachinja akaita mtu na kijana wake, wakaja na kisu kimoja cha kumenyea viazi kilichokwisha makali. Yule mtu akawa anakereza shingo, anapumzika, anakereza tena. Kuku hajatulia, kijana kamdaka miguu, kamtumbukiza kwenye sufuria linalotokota. Kapiga mabawa humo humo majini! Nikawaambia subirini afe kwanza. Nikajibiwa, "Ni kuku tu huyo, mzee." Watu wazima wakacheka, watoto wanatazama.

Ni kuku tu? Na wengi waliokuwa pale ni Waislamu, wamesoma madrasa. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kisu kinolewe na mnyama apewe raha. Tumefundishwa tusinoe kisu mbele yake, tusichinje mmoja mwenzake akiona. Hapo kuku waliokuwa wakingoja zamu walifungwa miguu mkabala na damu. Bismillahi mmeisema, sawa, na hayo mengine mmemwachia nani?

Msiniambie ni gharama. Jiwe la kunolea bei yake haifiki hata ya huyo kuku. Wanyimeni chakula tangu usiku, maji waacheni wanywe. Utumbo ukiwa mtupu hata kupasua hakuchafui nyama. Wawekeni mahali penye giza giza, kuku gizani hutulia. Kama hamna wa kumshika, chukueni dumu la plastiki, kateni kitako, panueni mdomo kichwa kipite, lining'inizeni ukutani. Kuku anaingia kichwa chini, mabawa yamebanwa, hajipigi wala havunjiki mfupa, na hakai humo akisubiri: akiingia tu, anachinjwa. Kisu kipite mara moja chini ya taya, kikate koo, umio na mishipa ya damu ya pande zote mbili. Shingo msiivunje.

Halafu NGOJENI. Dakika mbili, tatu, damu iishe. Guseni jicho, akipepesa, bado yu hai. Atatikisika hata baada ya kufa, hiyo ni misuli, lakini pumzi na jicho havidanganyi. Ni dakika mbili tu jamani, maharusi wenyewe huwa wanachelewa saa nzima na hakuna anayelalamika!

Na hata asiye na huruma aangalie tumbo lake. Kuku anayepumua ndani ya yale maji anavuta uchafu wa manyoya na kinyesi hadi mapafuni. Asiyetoka damu vizuri nyama yake huwa nyekundu na huharibika upesi. Maji yenyewe hayatakiwi kutokota, nyuzi 60 na kitu zinatosha. Yakichemka ngozi inaiva na kuchanika, mkimaliza mnasema kuku wa kisasa hawana ngozi.

Sokoni ndiyo usiseme. Kuku kumi kwenye mpini wa baiskeli, vichwa chini, jua la saa saba. Kuku hana ule msuli unaotenga kifua na tumbo kama sisi, akining'inia hivyo matumbo yanaelemea mapafu, kupumua kwenyewe kazi. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Mimi sijaona hata mtu mmoja akiulizwa swali pale sokoni, na maofisa mifugo wanapita hapo hapo kununua kitoweo.

Jirani yangu ana shughuli nyingine mwezi ujao. Nimeshamwambia: yule mtu akija na kile kisu, naanza na yeye mlangoni kabla hajagusa kuku, na aniite mkorofi akitaka. Nyie huko mtaani kwenu nani anawachinjia, na mnamwachia afanye anavyotaka?