Mshahara wa 40,000 na wa 480,000 kuwekwa ngazi moja ya ushuru: ni haki?

Fundi wa maabara, Kisumu (mwenye hoja)

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa Jubilee Market nikipimiwa omena. Mama aliyekuwa akinipimia alijaza gorogoro mpaka ikafanya kilima, halafu akakunjua kiganja akakipangusa kile kilima chote kikarudi guniani. Nikacheka, nikamwambia mama, hivi ndivyo mshahara wangu unavyofanyiwa. Yeye hakucheka. "Wewe si una kazi ya mwezi?" Kwake mtu wa mshahara ni tajiri, na tajiri akililia ushuru anadeka tu.

Nimetembea na swali lake tangu siku hiyo. Nafanya kazi katika maabara ya hospitali ya kibinafsi hapa mjini, mshahara 60,000 kabla ya makato. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua 3,600. SHIF, bima ya afya, ile asilimia 2.75, inachukua 1,650. Ushuru wa Nyumba, ule wa kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ni 900. Zinabaki 53,850, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara: 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha kila shilingi inayozidi 32,333 asilimia 30. Ukiondoa afueni ya 2,400, ambayo kila mwajiriwa hupunguziwa, PAYE yangu ni 8,538. Nafika nyumbani na 45,312, na hapo sijamlipa mwenye nyumba, sijalipa karo, sijagusa mkopo wa SACCO.

Lakini kiasi chenyewe sicho kinachoninyima usingizi. Hoja yangu ni hii: ngazi ya asilimia 30 inaanzia 32,333 na haiishi mpaka 500,000. Ndani ya ngazi hiyo moja yumo karani, yumo muuguzi, nimo mimi, yumo meneja wa benki na bosi mwenye dereva wa kumfungulia mlango. Mwaka 2023 waliongeza ngazi mbili juu kabisa, asilimia 32.5 kwa kinachopita 500,000 na 35 kwa kinachopita 800,000, tukaambiwa sasa wenye nacho watalipa. Sawa. Kule chini hawakugusa kitu. Kizingiti cha 32,333 ni kilekile tangu Januari 2021, na afueni ya 2,400 ni ileile tangu 2020. Bei ya mafuta ya kupikia haikukaa kuvisubiri.

Katiba, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Naomba mniambie haki iko wapi hapo.

Fundi wa magari, Nakuru

Pole ndugu. Sasa nisikilize na mimi.

Mimi sina hati ya mshahara. Nina jeki mbili, spana, na kijana wa kunisaidia. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo hakuna gari linaloingia, na nikiumwa hakuna mwezi unaonisubiri mwisho wake. Nyinyi wa ofisini mnapenda kusema juakali hatulipi ushuru. Petroli ninayonunua ina VAT, ushuru unaofichwa ndani ya bei, ya asilimia 16. Mpaka katikati ya 2023 ilikuwa 8. Kila lita ina shilingi 25 za kutunza barabara, na barabara za mtaani kwetu unazijua. Nikituma pesa kwa simu, ile ada ina ushuru wa asilimia 15 ndani yake. Kabla sijafungua boksi la vifaa, kanjo wa kaunti ameshafika na kitabu chake cha risiti. Nikitozwa hivyo vyote hakuna anayeniuliza nina watoto wangapi, wala sipewi afueni ya 2,400.

Ugomvi wako wa ngazi ni wa watu walio ndani ya nyumba kuhusu nani akalie kochi. Sisi tuko uani.

Mhasibu, Nakuru

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hivyo mniwie radhi nikiharibu huzuni ya watu.

Ndugu wa Kisumu, hesabu yako ni sahihi lakini umeisimulia nusu. Mtu wa 60,000 mwaka 2022 alikatwa NHIF, bima ya afya ya zamani, 1,300 na PAYE 10,128. Jumla 11,428. Leo wewe unakatwa PAYE 8,538, SHIF 1,650 na Nyumba 900. Jumla 11,088. Unakatwa pungufu kwa shilingi 340! Sababu ni kwamba NSSF yako imekua, nayo hutolewa kabla ya PAYE, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 SHIF na Ushuru wa Nyumba nazo hutolewa kabla ya PAYE. Kilichopanda ni hiyo NSSF, kutoka 200 hadi 3,600, na hiyo ni akiba yako ya uzeeni. Mwajiri wako anakuwekea 3,600 nyingine juu yake.

Pili, kichwa cha mjadala huu kinapotosha. Asilimia 30 haitozwi mshahara mzima. Wa 40,000, ukishatoa makato mengine, anaguswa na asilimia 30 kwenye 3,567 za mwisho tu. PAYE yake yote ni 3,153, haifiki asilimia 8 ya mshahara. Wa 480,000 analipa zaidi ya 128,000, ambayo ni zaidi ya robo. Kwa hivyo wamo ngazi moja, ndiyo, lakini hawabebi mzigo mmoja.

Fundi wa maabara, Kisumu

Hizo 340 umenipata. Sikuzijua, na nimezipiga tena kwa kikokotoo cha simu nikakuta ni kweli. Lakini 60,000 ya 2022 ilikuwa inafunga mwezi, na hii ya leo inaishia tarehe 19. Na akiba ya uzeeni ni nzuri, ila duka la jirani halipokei uzee.

Sasa na mimi nikupe hesabu. Huwa nashika zamu ya ziada ya usiku, tuseme inanipa 5,000 kwa mwezi. NSSF 300, SHIF 137.50, Nyumba 75, kisha asilimia 30 ya kinachobaki ni 1,346. Zamu ya 5,000 inanifikia 3,141. Bosi wa 480,000 naye akiongezewa 5,000, NSSF haimgusi tena kwa sababu ameshapita kikomo chake. Anakatwa SHIF, Nyumba na PAYE, anabaki na 3,351. Nimekesha na damu za watu kwenye hadubini, na shilingi yangu ya ziada imekatwa kuliko yake. Haya, nikihesabu ile 300 ya NSSF kuwa ni yangu, basi nampita kwa shilingi 90. Tisini!

Mwalimu mstaafu, Bungoma

Wanangu, mnapigania mifupa. Mimi nina vyumba kumi vya kupangisha huku Kanduyi, kila kimoja 6,000, jumla 60,000 kwa mwezi vyote vikiwa na watu. Ushuru wa mapato ya kupangisha ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024; kabla ya hapo ilikuwa 10. Nalipa 4,500. Mtu wa maabara mwenye 60,000 ileile ya jasho analipa PAYE 8,538.

Nakubali ushuru wangu hutozwa kwenye pango lote bila kutoa gharama. Choo kikiziba au mabati yakiezuliwa hakuna anayenipunguzia. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Na mimi nalipa kwa sababu nilizoea kukatwa miaka thelathini na zaidi darasani, mkono umeshazoea. Wapo wenye vyumba mara tano ya vyangu ambao wakisikia neno KRA, mamlaka ya ushuru, wanadhani ni aina ya mbolea. Wahenga walisema mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Shambani mna miti mingi yenye matunda. Unaopigwa ni ule ulio karibu na njia.

Kijana, Kondele

Kwanza nipeni kazi ya kukatwa.

Tarehe 25 Juni 2024 tulikuwa barabarani hapahapa Kisumu. Mswada wa Fedha wa mwaka ule mwanzoni ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mkate ni wetu sote, lakini gari ni lenu. Sisi tusio hata na baiskeli tulikula gesi ya machozi kwa ajili ya magari yenu, nyinyi mkatutazama kwenye simu mkiandika "hongera vijana". Siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Tulimbatiza Zakayo, yule mtoza ushuru. Zakayo wa Biblia aliposhuka mtini aliahidi kurudisha mara nne. Sijaona mtu akirudishiwa.

Muuguzi, Kakamega

Kwangu asilimia si tatizo kubwa kama risiti. Nakatwa SHIF kila mwezi, halafu mwaka huu nimempeleka mwanangu kituo fulani usiku akiwa na homa, naambiwa sistimu iko chini, lipa taslimu. Nikalipa. Nyumbani nimenunua tangi la maji kwa sababu mfereji ni wa siku mbili kwa wiki. Tunachangia mlinzi wa mtaa. Mtu wa katikati analipa ushuru, kisha anajinunulia kile ambacho ushuru ungemnunulia. Mwanetu wa Kondele, hata hiyo gari ni ya mkopo.

Mhasibu, Nakuru

Turudi kwenye hoja, maana itatuponyoka. Mwenye hoja anataka kizingiti kisogee. Tuseme ngazi ya asilimia 25 isukumwe mpaka 50,000. Mtu wa 60,000 anapata 883 kwa mwezi. Wa 480,000 naye anapata 883. Wa 30,000 hapati hata senti, kwa sababu hajafika kwenye asilimia 30. Fundi wa magari na mama wa omena pia hawapati kitu. Kwa hivyo usiniambie hili ni la wanyonge. Ni la wewe na mimi.

Fundi wa maabara, Kisumu

Ni la mimi na wewe, nakubali, na sioni aibu. Ila sikusema waishie hapo. Ile ngazi ndefu ikatwe katikati: kuanzia 200,000 iwe asilimia 32.5 badala ya kungoja 500,000. Wa 480,000 ataongeza zaidi ya 6,300 kwa mwezi, na ukimtolea 883 yake bado anaweza kumlipa dereva. Na mwalimu wa Bungoma ametuonyesha pengine pa kutafuta zaidi, bila kumgusa mwenye vyumba kumi anayelipa.

Fundi wa magari, Nakuru

Na petroli?

Fundi wa maabara, Kisumu

Irudi 8. Hilo naliandika kabla ya langu, kwa sababu omena pia husafirishwa.

Mswada wa Fedha hutakiwa kufikishwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili, kisha kamati ya fedha hupokea maoni ya wananchi. Nataka tuandike ukurasa mmoja tu: VAT ya mafuta, kizingiti cha 32,333, na ngazi ya 200,000. Nani ataweka sahihi?

Mwalimu mstaafu, Bungoma

Weka langu. Na nitasahihisha Kiswahili.

Kijana, Kondele

Ongezeni sehemu ya kazi, niweke.

Mhasibu, Nakuru

Nitaweka, kwa sharti moja. Anza na hesabu ya zamu ya usiku, mpaka ile tisini. Habari za gorogoro ziache, kamati haitazielewa.

Fundi wa magari, Nakuru

Mimi ningeanza na gorogoro.