Flai ya panzi ya foamu: mwili unazunguka, na majini inalala ubavu

Gura_juu:
Habari wadau. Nafunga flai ya panzi (chambo bandia cha ndoano kinachoigiza panzi) kwa trauti wa mito ya Aberdare: ndoano namba 10, foamu ya milimita 2, uzi 8/0. Ikishaumwa na samaki wawili watatu, mwili unazunguka kwenye ndoano na foamu inakatika pale uzi ulipokaza. Nyingine zinalala ubavu. Shida ni foamu au ni mkono?

Jiriwa:
Ni uzi. 8/0 ni mwembamba mno, unaikata foamu. Tumia 6/0, ule unaolala bapa. Raundi mbili za kwanza zilaze tu, ya tatu ndiyo uvute, taratibu, mpaka foamu ibonyee. Ukikaza raundi ya kwanza, umeshaikata.

Mwili unazunguka kwa sababu foamu haishiki chuma kitupu. Funika kwanza shina lote la ndoano kwa uzi, kisha rudi na raundi zilizoachana ili pawe na mikwaruzo. Weka tone dogo la supaglu juu ya uzi huo, kisha ulaze foamu papo hapo. Gundi ukiipaka baadaye kwa nje haifiki kwenye shina, ndiyo maana haisaidii kitu. Na chunga isiingie kwenye tundu la ndoano.

Mama Trauti:
Kulala ubavu ni jambo lingine, ndugu. Pima upana wa utepe wa foamu: usizidi uwazi kati ya shina na ncha. Kwa namba 10, milimita 4 zinatosha. Foamu yote ikae juu ya shina, kwani chuma kinachoning'inia chini ndicho mkuku wa flai, uzito unaoiweka wima. Ukiizungushia mpaka chini, flai inapinduka, na pia umeziba uwazi: samaki anauma, ndoano haishiki.

Miguu ya raba ilingane pande zote mbili. Mmoja ukizidi urefu, flai inainamia huko. Jaribu kwenye beseni: idondoshe kutoka kimo cha mkono mara kadhaa. Isipotua wima, punguza foamu ubavuni kwa mkasi kabla hujaifunga nyingine kwa kipimo hichohicho.

Gura_juu:
Asanteni sana. Sifongo ya godoro je? Ni rahisi kukata.

Jiriwa:
Hapana. Vitundu vyake viko wazi, inanyonya maji. Ibonyeze ndani ya maji: ikitoa mapovu na kuwa nzito, haifai. Foamu ya kandambili inaelea, ila ni ngumu na kuichana nyembamba sawasawa ni kazi. Kumbuka pia kinachoelesha ni hewa iliyofungiwa ndani, kwa hiyo kila unapofunga unaipunguza. Sehemu tatu zinatosha.

Mama Trauti:
Na juu ya mgongo funga kipande kidogo cha foamu ya rangi ya chungwa. Mto Gura unakimbia na kutoa povu jeupe, panzi wa kahawia humwoni kabisa. Samaki anatazama tumbo, hiyo chungwa haimsumbui.